Vitabu vya picha vya watoto kuhusu wachoraji maarufu, shemeji anakuja Desemba nimwagize vipi?

baba_wawili_kigamboni

Wakuu habari za leo, naomba msaada kidogo na wale ambao mambo ya sanaa hayawahusu wapite tu kimya kimya.

Nina binti wa miaka sita na mdogo wake wa kiume ana minne. Mama yao alinunua fulana ya mtumba pale Karume, ile yenye picha ya usiku wa bluu na nyota zinazunguka kama maji yanayoishia kwenye tundu la sinki. Binti akaishikia bango. Nani kachora, kwa nini nyota zinazunguka, huo mti mweusi pembeni ni mti au ni moshi. Nikamwambia huyo anaitwa Vincent van Gogh, Mholanzi, alichora mwaka 1889 akiwa Ufaransa, na alishafariki. Nikajua yameisha hayo. Wapi! Sasa kila tukizima taa anataka "hadithi ya yule wa nyota" na mimi stori zangu ziliishia palepale, siwezi kuanza kumsimulia mtoto wa miaka sita habari za sikio alilojikata.

Sasa shemeji yangu anakuja Desemba kutoka Leeds, kasema kwenye begi kuna nafasi ya vitabu vinne vyembamba basi, maana nusu ya begi ni mizigo ya bibi. Nikaingia mtandaoni kutafuta, aisee vitabu vya picha vya watoto kuhusu wachoraji ni vingi balaa, van Gogh peke yake ana utitiri, Frida Kahlo ndiyo usiseme, na vyote majalada yanavutia kwa hiyo huwezi kujua kipi ni kizuri na kipi ni jalada tu.

Ninachouliza ni hiki, mngekuwa na nafasi ya vinne mngechukua vipi, kwa mtoto ambaye Kiingereza chake bado ni cha kuhesabu na kuimba? Halafu yale mambo magumu ya hawa watu, sikio, kujiua, magonjwa, mnayapitaje mkiwa mnasoma? Na kama kuna cha Kiswahili mnachokijua nitajieni tafadhali, mimi madukani nilikopita nimekuta sungura na fisi wengi tu, wachoraji sijawaona.

Kipanga77

Mkuu mimi nipo tofauti na wewe kidogo, usinune. Kwani lazima mtoto wa Kigamboni aanze na Mholanzi? Hapo ulipo ukivuka maji tu kuna watu wanachora tangu asubuhi mpaka jioni, Mwenge kuna Wamakonde wanachonga, wewe unataka shemeji abebe wachoraji kutoka ulaya. Nguo tunaagiza mitumba, magari mitumba, sasa na wachoraji?

Mwl_Chekechea

Kipanga punguza munkari, mtoto ndiye kauliza, hakulazimishwa na mtu. Akiuliza kuhusu nyota unamjibu kuhusu nyota, Wamakonde nao watakuja, hawajakimbia.

Baba wawili mimi nafundisha awali na hivi vitabu tunavyo kadhaa darasani, vingine vimechanika kabisa kwa kushikwa. Kitu kimoja nimekiona kwa watoto wa umri wa kwako, hakuna hata mmoja anayejali kwamba huyo mtu alikuwa maarufu. Hilo ni letu sisi wakubwa. Wao wanataka kujua alikuwa anakaa wapi, rangi alinunua duka gani, mama yake alikasirika akichafua nguo, mbona farasi ni wa bluu. Kwa hiyo kitabu kinachoanza "alizaliwa mwaka fulani" na kumalizia "leo picha zake zinauzwa mamilioni" wanakimaliza wakiwa wanaangalia dirishani. Kuna ule mfululizo wa vitabu vidogo vyenye watu wa vichwa vikubwa, nadhani mmeuona mpaka kwenye maduka ya uwanja wa ndege, Little People, Big Dreams. Mimi sivikatai, vinasomeka haraka, ila vikiwa vingi vinafanana, kila mtu alikuwa mdogo, akapata tabu, akawa mkubwa. Ukimbadilisha Frida ukaweka mwanariadha mtoto hashtuki.

Tafuta kile chenye tukio moja. Kwa van Gogh mimi naenda na Camille and the Sunflowers cha Laurence Anholt, cha mwaka 1994. Kinasimuliwa kwa upande wa mtoto, Camille, mtoto wa yule mfanyakazi wa posta wa mji wa Arles mwenye ndevu nyingi, Joseph Roulin. Na huyo ni mtu wa kweli, van Gogh alichora familia nzima, baba, mama, vijana na kale kachanga Marcelle. Kwa hiyo ukimaliza kusoma unafungua simu unamwonyesha binti, huyu hapa Camille mwenyewe na kofia yake. Watoto wangu hapo huwa wananyamaza wote. Na ndani ya kitabu watu wa mji wanamcheka Vincent, watoto wanamfanyia vituko, ugumu wa maisha yake upo bila damu. Sikio halimo na wala hulihitaji.

Nyongeza ndogo, ukikuta kitabu kinasema hakuwahi kuuza hata picha moja maisha yake yote ujue mwandishi hakuangalia. Ile ya shamba la mizabibu mekundu ilinunuliwa Brussels mwaka 1890 na mchoraji mwenzake, dada mmoja anaitwa Anna Boch, kwa faranga 400, Vincent akiwa bado hai.

Mwl_Chekechea

Nimesahau wa miaka minne. Huyo mtafutie The Artist Who Painted a Blue Horse cha Eric Carle. Maneno hayazidi kiganja, kila ukurasa mnyama mmoja mkubwa wa rangi isiyo yake, mamba mwekundu, ng'ombe wa njano, punda wa madoadoa. Hata Kiingereza hahitaji, unataja mnyama kwa Kiswahili yeye anabisha "siyooo ng'ombe siyo njanooo" na mnacheka.

Ila nyuma ya hicho kitabu kuna jambo zito na hili ni lako wewe mzazi. Carle alizaliwa Marekani 1929, akiwa mdogo wazazi wakarudi Ujerumani, ikawa enzi za Wanazi. Picha za kisasa zilikuwa zimepigwa marufuku, ilikuwa farasi awe na rangi ya farasi. Mwalimu wake wa kuchora akamwita nyumbani kwake kwa siri akamwonyesha nakala za picha zilizokatazwa, zikiwemo za Franz Marc, yule Mjerumani aliyekuwa anachora farasi wa bluu na aliuawa vitani karibu na Verdun mwaka 1916. Carle akaja kukitoa hicho kitabu mwaka 2011 akiwa mzee wa miaka themanini na ushee. Mimi kama mwalimu hiyo stori naipenda kupita kiasi, mnisamehe.

Dada_wa_Yorkshire

Shemeji yako yuko jirani yangu kabisa 😄 mwambie asikimbilie dukani kununua vipya. Huku kuna maduka ya hisani yanauza vitabu vilivyotumika kwa bei ya kutupa, sehemu ya watoto apekue taratibu. Mfululizo ambao haukosekani ni ule wa Katie wa James Mayhew, wa kwanza ulitoka 1989. Katie anakwenda na bibi yake National Gallery London, bibi anachoka anakaa kwenye benchi anasinzia, mtoto anaingia ndani ya picha. Kweli kabisa anaruka fremu anaingia, anakutana na watu wa ndani, anaharibu vitu, anatoka na matope. Wangu walikipenda mpaka tukaenda kuangalia picha zenyewe, ile ya mkokoteni mtoni ya Constable, mchoraji Mwingereza, ni kubwa kuliko walivyodhani na walinzi hawakupenda walivyosogea.

Kwa mtazamo wangu Katie ni mzuri kuliko vya historia kwa sababu mtoto anajifunza kuangalia. Maisha ya Constable hayamo humo na hakuna aliyeyaulizia.

Kwa binti akifika miaka nane hivi kuna vile vya Mike Venezia, Mmarekani, vinakwenda mchoraji mmoja kitabu kimoja, kuna picha halisi za mchoraji halafu katikati katuni za kuchekesha. Maandishi yapo mengi kidogo lakini unarukaruka. Na vinapatikana used.

Mama_K_Minnesota

Habari zenu ndugu. Kwa walio Marekani kama mimi msinunue kabisa, nenda maktaba ya mtaa, upande wa watoto, rafu namba 759, hapo ndiyo wanapokaa wachoraji, vingine vinakuwa kwenye maisha ya watu na vingine vimechanganywa na hadithi kwa jina la mwandishi kwa hiyo mkutubi usimwonee aibu, muulize, kazi yake hiyo. Tunabeba mfuko mzima tunarudisha tukimaliza.

Baba wawili kuhusu Kiingereza usihangaike. Mimi nyumbani nasoma kwa macho Kiingereza mdomo unatoa Kiswahili, na sifuati neno kwa neno, nasimulia ninachokiona. Kuna kimoja kinafaa sana kwa mtindo huo kinaitwa The Iridescence of Birds cha Patricia MacLachlan, 2014, michoro ni ya Hadley Hooper. Ni Henri Matisse akiwa mtoto. Karibu kitabu kizima ni swali moja refu, je ungekuwa wewe ndiye yule mtoto kwenye mji wa baridi na kijivu kaskazini mwa Ufaransa, na mama yako anapamba sahani kwa rangi, na ametundika mazulia mekundu ukutani, na una njiwa wako ambao shingo zao zinabadilika rangi wakigeuka kwenye mwanga, si na wewe ungekuja kuwa mchoraji? Mimi naanza tu "haya wewe ungekuwa Henri" na mtoto anaendelea mwenyewe. Mara anakuwa na kuku badala ya njiwa. Namwacha.

Na ukitaka kazi ya mikono, Matisse ndiye mwepesi kuliko wote. Alifanyiwa upasuaji mkubwa 1941, kusimama kukawa shida, akawa anakaa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, wasaidizi wanapaka karatasi rangi, zikikauka yeye anakata na mkasi majani, ndege, watu, zinabandikwa. Mtoto wa miaka minne anaweza hiyo leo jioni, unahitaji karatasi, rangi ya maji na gundi, na mkasi usio na ncha. Ukitaka cha kusoma kuhusu hicho kipindi kipo Henri's Scissors cha Jeanette Winter.

Kuhusu mambo magumu nitasema langu. Tuna kitabu kuhusu mchoraji Basquiat, Radiant Child, cha Javaka Steptoe, kilichukua medali ya Caldecott 2017, ile tuzo ya vitabu vya picha vya watoto Marekani. Huyo kijana alizaliwa Brooklyn, baba kutoka Haiti, mama ana asili ya Puerto Rico, na mama ndiye aliyekuwa anampeleka makumbusho na kulala naye chini wakichora. Alipogongwa na gari akiwa na miaka saba mama akampelekea hospitali kitabu cha madaktari chenye michoro ya mifupa na mishipa, ndiyo maana picha zake za ukubwani zimejaa mafuvu na mbavu. Baadaye mama akaugua akili, akawa haishi tena nao. Kitabu kinasema wazi, hakifichi, na ndiyo ukurasa mwanangu anaourudia zaidi kuliko yote. Hadithi yenyewe haigusi kifo, alikufa 1988 na miaka 27, hayo yamewekwa kwa maandishi ya watu wazima mwisho. Kwa hiyo mimi nasema usikwepe huzuni, kwepa tu yale ambayo mtoto hana pa kuyaweka.

Na kiangalieni kwa karibu hicho kitabu. Steptoe hakutumia karatasi, aliokota mbao zilizotupwa huko New York akaziunganisha akachora juu yake, kwa hiyo kwenye kila ukurasa unaona maungio ya mbao yanapita katikati ya uso wa mtu, na misumari. Picha za Basquiat mwenyewe hazimo hata moja.

Kipanga77

Hapo kwenye mbao za kuokota nimeelewa. Ila swali langu lipo palepale, cha kwetu kiko wapi?

mpiga_brashi

Kipanga na baba wawili nawasoma tangu jana nikasema niandike. Mimi nipo kwenye hizi kazi, nashinda Oysterbay pale Morogoro Stores na brashi.

Kwanza hamna ugomvi hapa. Mwambie shemeji alete kitabu kinaitwa The Fantastic Jungles of Henri Rousseau, cha Michelle Markel, michoro ya Amanda Hall, 2012. Huyu Rousseau alikuwa mtoza ushuru kwenye malango ya Paris. Kitabu kinaanza ana miaka 40, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwambia ana kipaji, hana ada ya kusoma, ananunua rangi na brashi anaanza. Anapeleka picha kwenye maonyesho mwaka baada ya mwaka na wajuzi wanamcheka, na yeye anakata yale maneno ya kumcheka anayatunza. Anachora misitu mizito, simba, nyani, chui milia kwenye mvua ya radi ile ya mwaka 1891 ambayo iko London. Na Ufaransa hajawahi kutoka! Misitu yake aliipata kwenye bustani ya mimea ya Paris, kwenye nyumba za vioo, na kwenye vitabu.

Sasa ukimaliza kusoma hicho, usilale. Mwambie binti kwamba na hapa Dar kulikuwa na mtu. Edward Saidi Tingatinga, kazaliwa 1932 huko Tunduru, kapitia mashamba ya mkonge Tanga, kaja Dar kafanya kazi za nyumbani, shule ya kuchora hajawahi kukanyaga, na mwaka 1968 hivi naye akanunua rangi akaanza. Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Siyo rangi za wasanii, ni zile za makopo za kung'aa watu walikuwa wanapakia baiskeli, na badala ya turubai akatumia vipande vya hadibodi vya mraba, futi mbili kwa mbili, zile za kupigia siling. Mke wake Agatha alikuwa anauza hapo hapo Morogoro Stores kwa wageni wanaokuja kununua mboga na matunda. Akafundisha ndugu na vijana wachache. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi akiwa kwenye gari, walidhani ni wezi wanakimbia. Miaka minne hivi ya kuchora, basi. Wale wanafunzi ndiyo wakaendeleza, mpaka leo dunia nzima inaita mtindo mzima kwa jina lake.

Nikiangalia hao wawili, mtoza ushuru na huyu wa kwetu, naona ni kitabu kimoja kimekatwa vipande viwili. Mtu mzima asiye na mwalimu, mnyama mmoja mkubwa katikati, majani, macho ya kukutazama.

Na faida unayoipata kwa Tingatinga hata shemeji hawezi kuileta. Jumamosi panda kivuko, kamata gari la Masaki, shuka Oysterbay, njoo na watoto. Watu wanachora nje, wamekaa chini. Binti ataona mambo ambayo kwenye kitabu hayaonekani. Bodi inapakwa rangi ya chini yote kwanza, inaachwa ikauke, harufu ya ile rangi ataikumbuka. Kisha mnyama anakuja kwa mstari mmoja, anajazwa rangi nzima, anaachwa tena. Madoa yanakuja mwisho kabisa, doa la kwanza jeusi likikauka linawekwa jeupe juu yake, ndiyo maana chui wa Tingatinga ukimgusa unasikia vijiupele vidoleni. Na rangi ikikaribia kukauka usiirudie brashi mara mbili, itakwaruza. Muulize mtoto atakwambia ametaka kushika nini.

Hayo ya risasi kwa mtoto wa miaka sita mimi ningesema alikufa mapema na wanafunzi wake wakaendelea. Akifika kumi mwambie yote.

Kipanga77

Mzee nimenyoosha mikono 🙌 nakuja na mimi Jumamosi.

nairobi_msomaji

Salamu kutoka Nairobi. Huku watoto wengi walijua hiyo style kupitia Tinga Tinga Tales, ile katuni ya 2010 hivi ilitengenezwa hapa Nairobi, so tukiwaambia hiyo jina ni ya mtu wanashangaa sana, wanafikiria ni jina ya msitu.

Ningeongeza mchoraji Elimo Njau. Ni wenu Watanzania, mtu wa Kilimanjaro, lakini ni wetu pia maana alianzisha Paa ya Paa, kituo cha sanaa, hapa 1965. Kama mko na safari ya kuja Kenya mpitie Murang'a, ndani ya kanisa ya Kianglikana kuna picha zake kubwa za ukutani za maisha ya Yesu, alichora mwisho wa miaka ya hamsini, na Yesu anazaliwa mashambani kwa Wakikuyu na watu ni weusi wote. Watoto wangu waliuliza maswali kuliko wangeuliza kwa kitabu yoyote. Kitabu ya watoto juu yake mimi sijaipata, na ningenunua leo.

Na vitabu vya used huku town vinauzwa chini kando ya barabara, nimepata Venezia ya Picasso na ya Monet hapo, lazima uiname upekue.

baba_wawili_kigamboni

Jamani asanteni, sikutegemea. Mpiga brashi Jumamosi hii tunakuja, nitavaa hiyo fulana mtanijua (nimeichukua, mama yao kanuna).

Maswali madogo mawili. Moja, hakuna aliyemgusa Frida Kahlo wakati ndiye mwenye vitabu vingi kuliko wote, kuna sababu? Pili, Mama K amesema picha za Basquiat mwenyewe hazimo kwenye kitabu chake, sasa mtoto anajuaje alichora nini? Vingine nilivyoviona mtandaoni navyo ni hivyo hivyo.

Mwl_Chekechea

Frida siyo kwamba tumemtupa. Vingi vyake vinabeba maua ya kichwani na nyusi halafu basi. Kilichonifanyia kazi mimi ni Frida Kahlo and Her Animalitos cha Monica Brown, 2017, kwa sababu kinapitia kwa wanyama aliofuga. Na alifuga kweli, nyani, kasuku, mbwa wasio na manyoya, mtoto wa swala. Watoto wanahesabu wanyama, na katikati ya wanyama unapata nafasi ya kusema kwamba akiwa na miaka sita aliugua polio, na akiwa na kumi na nane basi alilopanda liligongwa na tramu, akalala kitandani muda mrefu, mama yake akaagiza meza ya kuchorea akiwa amelala na kioo kikawekwa juu ili ajione. Ndiyo maana amejichora mwenyewe mara nyingi. Binti wa miaka sita anaelewa hilo vizuri tu, usimdharau. Darasani kwangu kuna mtoto anatembea na chuma mguuni, alichukua hicho kitabu akaenda nacho kona yake.

Mama_K_Minnesota

Kuhusu picha halisi, nijuavyo ni mambo ya hakimiliki. Van Gogh kafa 1890, Rousseau 1910, picha zao ni mali ya umma sasa, mchapishaji anaweka anavyotaka. Picasso kafa 1973, Basquiat 1988, zina wenyewe, kuzichapisha ni ruhusa na pesa, kwa hiyo mchoraji wa kitabu anaamua kuchora kwa namna yake. Steptoe yeye aliligeuza likawa uzuri, wengine wanaishia kuiga na inakuwa nakala mbovu ambayo mtoto anaibeba kichwani kama ndiyo yenyewe. Kwa hiyo ukisoma kitabu cha namna hiyo fungua simu pembeni. Makumbusho ya Metropolitan ya New York tangu 2017 wameweka picha zao ambazo hazina mwenyewe mtandaoni bure, unapakua kubwa kabisa. Chapisha moja tu pale stationary ya mtaani, rangi, A4, bandika ukutani usawa wa macho ya mtoto na siyo usawa wako.

Dada_wa_Yorkshire

Naunga mkono usawa wa macho ya mtoto. Sisi tunabandika kwa bati la friji kwa chini 😂

mpiga_brashi

Na kuhusu cha Kiswahili. Kuna tovuti inaitwa African Storybook, imeanzishwa na watu wa Afrika Kusini 2014, hadithi za watoto za bure kwa lugha nyingi za Afrika na Kiswahili kimo, unasoma mpaka kwenye simu, na kuna sehemu ya kutengeneza ya kwako ukaiweka wengine wasome. Mwalimu andika maneno, kurasa kumi na mbili zinatosha, mwanzo wa mkonge mpaka siku ya kuuza bodi ya kwanza. Michoro naifanya mimi. Ila siyo kwa kompyuta, nachora kwenye hadibodi kwa rangi ya kopo kisha tunapiga picha, na nataka ile mikwaruzo ionekane.

Mwl_Chekechea

Nimekubali hata kabla hujamaliza sentensi. Kuna mambo inabidi tuyahakiki kwanza na familia na wazee wa ushirika hapo kwenu, tusije tukaandika ya kusikia. Njoo inbox.

Kipanga77

Mimi nichangie nini sasa? Kuchora sijui, kuandika sijui. Nitanunua rangi.

mpiga_brashi

Kopo nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano, bluu, kijani. Zile ndogo. Na mafuta ya taa ya kuoshea brashi.

baba_wawili_kigamboni

Basi nimemtumia shemeji orodha hii: Camille na alizeti zake, farasi wa bluu, misitu ya Rousseau, na njiwa wa Matisse. Frida ataletwa na mgeni mwingine. Shemeji kajibu "hicho cha farasi kina jalada gumu, kizito, bibi anataka blanketi". Tunavutana.

juma_wa_pdf

Wakuu mwenye PDF za hivyo vitabu aweke hapa tufaidike wote

Mwl_Chekechea

Juma hiyo ni kazi ya watu, nenda African Storybook ni bure na halali. Na ukurasa wa njiwa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka utaona nini?